Mwanangu, kuhusu safari yako ya Dar

Mwanangu,

Umeuliza kama utakuwa salama ukiwapeleka wale wageni wako wa Ujerumani Dar siku tatu, wakishashuka Mlima, kabla hamjavuka Zanzibar. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu hunisikilizi hadi mwisho.

Kama Dar ni salama, hilo siliwezi. Ninachoweza kukueleza ni habari ya salamu.

Mwaka 2004 ulikuwa darasa la tatu. Ndiyo ile Krismasi mliyopanda kwa bibi Marangu na viatu vya mwaka uliopita, na sikuwahi kuwaeleza vizuri kwa nini. Nilishuka Ubungo jioni, nikalala kwa mama mkubwa wenu Magomeni, asubuhi nikaenda Kariakoo kuchukua belo la mitumba la kuuza Mbuyuni. Nilikuwa na shilingi 180,000 kwenye mkoba.

Mtaa wa Msimbazi akanijia kijana, shati jeupe limepigwa pasi. "Shikamoo mama." Nikamwitikia, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Akaniambia nimechafuka mgongoni. Kweli, nilikuwa nimemwagiwa kitu cheupe kama uji. Akatoa leso, akanifuta taratibu kama nilivyokuwa nakufuta wewe. Alipoondoka mkoba ulikuwa bado begani, chini umepasuliwa kwa wembe, mpasuo umenyooka kama umepigiwa rula. Hela hamna.

Hela nilizitafuta, hadi Pasaka nikawa nimezirudisha. Kinachoniuma mpaka leo ni ile marahaba. Nilimwita mwanangu, naye huku mwenzake ananichana mkoba.

Ndiyo maana nawaambia kila siku: macho kwanza, mdomo baadaye. Wewe hapo Arusha unawajua flaikachaa wa Mnara wa Saa, wale vijana wanaowinda watalii, kijana akisema "karibu rafiki" umeshajua anakotaka kufika. Dar mgeni utakuwa wewe.

Lakini nikisema hivyo najibishana mwenyewe. Nilipokaa chini nikilia, aliyeniokoa naye alianza na salamu. Mama lishe mmoja aliacha maharage jikoni yakichemka, akaja. "Dada, pole, una nini?" Akanipa chai na chapati, akafungua pindo la kanga yake akanihesabia nauli ya kurudi Moshi. Ningeshika sheria yangu nisingemjibu, nami sijui ningelala wapi kichwa changu kikiwa kimevurugika vile. Nilirudi Machi na hela yake na mkungu wa ndizi. Meza haipo. Majirani wakasema amehama, hakuna ajuaye wapi. Ule mkungu nilimwachia mama mkubwa, sikuwa na hamu nao.

Sasa sikiliza. Basi litawashusha stendi ya Mbezi, ile ya Ubungo iliisha 2021. Hakuna kumpa begi mtu ambaye hamkumwita. Gari mliite kwa simu, na namba ya gari muilinganishe kabla ya kupanda. Rafiki wa dakika kumi akiwaambia ana teksi ya ndugu yake, msipande. Kuna wageni walizungushwa mashine moja ya benki baada ya nyingine mpaka kadi ikakauka. Kwenye mwendokasi begi likae mbele, kifuani. Mkitembea barabarani, simu na mkoba viwe upande wa ukuta, maana pikipiki ikishapita navyo huikimbilii. Coco Beach mle mihogo jua likiwepo, likizama muondoke. Tiketi ya boti mnunue dirishani, msinunue kwa papasi, wale madalali wa mitaani. Na boti mkiiona imejaa kupita kiasi, subirini nyingine. Septemba 2011 nilikesha na redio usiku ule meli ya Spice Islander ilipozama, sijasahau.

Unataka niseme nendeni au msiende. Nimeliandika hilo neno, nikalikata, nikaliandika tena, nikalikata. Una miaka thelathini, na wageni ni wako.

Nimekushonea kimfuko cha kuvaa ndani ya nguo, kwa kile kitenge cha kijani kilichobaki kwenye harusi ya dada yako. Zipu nimeiweka upande wa mwilini. Nimempa kondakta wa Coaster ya asubuhi pamoja na barua hii. Na mkipita Msimbazi ulizia mama lishe mwenye alama ya kuungua mkono wa kushoto, aliyekuwa akipika pale mwaka 2004. Ukimpata, mwamkie kwanza, halafu unipigie hapohapo niongee naye.

Mama yako