Wastani na uwezekano: kijana anajua kanuni, swali la maneno linamshinda

Dada wa Malindi, salamu kutoka Lamu. Umesema kijana wako wa Gredi ya 8 anamaliza kurasa nzima za wastani na uwezekano bila taabu, ila akipewa swali la maneno anaduwaa. Ukauliza kama umwongezee tuisheni. Nimekuwa nikisomesha hisabati watoto wa mtaani kwetu jioni kwa miaka, na ushauri wangu ni usimwongezee kitu kwanza, mpunguzie. Chukua maswali machache, na kila moja umuulize "wadhani itakuwa ngapi?" kabla hajashika kalamu.

Mimi huanza na samaki. Tuseme mvuvi ametoka Jumamosi hadi Alhamisi, siku sita. Siku tano za kwanza alipata kilo 12, 15, 9, 14 na 10. Ya sita akakutana na kundi la nguru, akarudi na kilo 60. Muulize kijana: huyu kwa kawaida hupata kilo ngapi kwa siku? Wengi husema kumi na kitu. Sasa ajumlishe: 120. Agawe kwa 6: 20. Watoto wengi hapa hufuta na kuanza upya, maana hakuna hata siku moja mvuvi yule alipata kilo 20, na siku tano kati ya sita alikuwa chini ya wastani wake mwenyewe! Mwambie hesabu yake iko sawa. Kisha azipange kuanzia ndogo: 9, 10, 12, 14, 15, 60. Za katikati ni 12 na 14, kwa hiyo mediani, yaani namba ya katikati, ni 13.

Atakuuliza ipi ya kweli. Zote mbili, inategemea unataka kujua nini. Mchuuzi anayenunua mzigo wa wiki nzima atashika 20, kwa sababu 20 mara 6 inamrudishia kilo 120 zote. Mke wa mvuvi anayetaka kukisia kesho jikoni kutakuwaje, 13 itamfaa zaidi.

Halafu mchokoze: na Ijumaa je, siku ambayo hakwenda baharini? Ukiitia kama sifuri, unagawa kwa 7 na wastani unashuka hadi kilo 17 na ushei. Hiyo sifuri nimeiona ikibishaniwa hadi adhana ya isha, na sikuukatiza ubishi. Wastani wa siku za kuvua si wastani wa siku za wiki, na maswali ya maneno hupenda kujificha papo hapo. Akijizoesha kuuliza "nagawa kwa nini, na kwa sababu gani?", nusu ya kazi imekwisha.

Nusu ya pili ni kuigeuza kanuni. Wastani mara idadi ni jumla. Mfano: masomo manne yana wastani wa 62, apate ngapi la tano ili wastani ufike 65? Masomo matano kwa 65 ni 325, aliyonayo ni 248, anahitaji 77. Mpe maswali ya namna hii akitumia alama zake mwenyewe, utaona anavyochangamka.

Uwezekano nao una mtego wake. Mpe sarafu mbili zenye ngao upande mmoja na mnyama upande wa pili, aulizwe: nikizirusha pamoja, matokeo mangapi? Atasema matatu: ngao mbili, wanyama wawili, au mchanganyiko, basi kila moja ni 1/3. Usimkaripie. Jean d'Alembert, kigogo wa hisabati wa Ufaransa, aliandika mwaka 1754 kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa, yaani upande mmoja wa sarafu, angalau mara moja ni 2/3. Naye alihesabu matokeo matatu akayapa uzito sawa. Jibu ni 3/4. Dawa ni kutumia sarafu zisizofanana: shilingi kumi ya simba na ishirini ya tembo. Andikeni: ngao na ngao, ngao na tembo, simba na ngao, simba na tembo. Ni manne, na mchanganyiko umechukua mawili. Yeye na wenzake warushe, waweke alama kwenye karatasi, wajionee mchanganyiko ukizidi.

Watakaporusha, mmoja atasema "ngao imetoka mara nne mfululizo, sasa lazima simba". Sarafu haina kumbukumbu. John Kerrich, mwalimu wa hisabati wa chuo kikuu kutoka Afrika Kusini aliyezuiliwa Denmark wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alirusha sarafu mara 10,000 kizuizini. Katika mara 100 za kwanza vichwa vilikuwa 44, na mwisho wa yote 5,067. Uwiano ulikaribia nusu bila sarafu kulipa deni lolote.

Baada ya hapo mpe kizibo cha soda. Kizibo hakina nusu kwa nusu unayoweza kuisema ukiwa umekaa kitako. Kinaweza kulala kifudifudi zaidi au chali zaidi, na hujui mpaka urushe mara nyingi na kuhesabu. Mtoto akishaona tofauti ya sarafu na kizibo, swali la "kulingana na jaribio" halimtishi tena.

Najua baadhi ya wazee wetu wakisikia dadu na sarafu wanawaza kamari. Sipendi mabishano hayo. Tia komwe 3 za bao na gololi 5 ndani ya mfuko, achomoe bila kuchungulia. Ya kwanza kuwa komwe ni 3/8. Akiitoa asiirudishe, mfukoni zimebaki 7 na komwe ni 2, kwa hiyo ya pili kuwa komwe ni 2/7. Wengi hupunguza namba ya juu na kusahau ya chini, basi mwache azihesabu zilizobaki kwa mkono.

Tuisheni ukiitaka baadaye, sawa. Ila kabla hujalipa, muulize mwalimu kama watoto wake hurusha chochote, au wananakili ubaoni tu.