MUULIZE MZEE WA BESI: Uzi wa tano wa nini kama spika haiusikii?

Shikamoo mzee. Mi napiga besi kwenye kwaya hapa Mbeya, gitaa ni la kanisa, sasa nataka la kwangu. Nina laki sita. Dukani kuna jipya la nyuzi tano, jeusi linang'aa, jina lake sijawahi kulisikia popote, laki tano na themanini. Afu kuna jamaa anauza Yamaha yake ya nyuzi nne, imechubuka chubuka, laki tano. Wenzangu wote wanasema nyuzi tano ndo habari ya mjini. Nishauri.
*Mpiga besi wa kwaya, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Hapo kanisani mnapigia spika gani? Nauliza kwa sababu ule uzi wa tano, B ya chini, unatetema kama mara 31 tu kwa sekunde, E ya besi ya kawaida ni 41 na kidogo, na zile spika za inchi 8 au 10 ambazo kwaya nyingi zinazo hata hiyo E yenyewe zinaitoa kwa kuhema, sasa ukishuka B waumini watasikia kama mtu anaburuza benchi nyuma huko. Na kwenye gitaa la bei hiyo la jina lisilojulikana, mara nyingi B ndo inalegea kama kamba ya kuanikia nguo, nyuzi nne nyingine ziko poa, ye peke yake analia bwaaa.

Sisemi nyuzi tano ni mbaya. Kama mpiga kinanda wenu ni wale wa kushusha kila wimbo uende E flati au D, utaikosa sana ile noti ya chini, naelewa. Lakini jaribu kwanza kushusha E yako iwe D, haigharimu hata mia, umeshapata nusu ya unachokitafuta.

Mi ningeenda kuiona hiyo Yamaha, ila kuiona kwelikweli. Michubuko achana nayo, michubuko haina sauti. Angalia shingo. Bana uzi wa E freti ya kwanza na freti ya mwisho (freti ni vile vyuma vilivyolala kwenye shingo) kwa pamoja, mwombe mtu akushikie upande mmoja, afu chungulia pale freti ya saba au ya nane: uwazi uwe mdogo tu, kama karatasi tatu za daftari hivi. Ukikuta sarafu inapita, shingo imevutwa na nyuzi. Sio mwisho wa dunia, ndani ya shingo kuna fito ya chuma inayokazwa na kulegezwa, ila muuzaji aikaze mbele yako, robo mzunguko tu atosheke, na kama nati imeliwa au haizunguki kabisa rudisha hela mfukoni uage kwa heshima. Halafu washa tyuna kwenye simu, gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kubana upate ile sauti ya kengele, kisha ubane hapohapo upige. Noti ziwe sawa. Iliyobanwa ikiwa juu, kile kikalio cha uzi pale kwenye brigi, kile chuma cha chini kinachoshika nyuzi, kinarudishwa nyuma, ikiwa chini kinasogezwa mbele, kazi ya bisibisi hiyo. Asipokubali upime, basi kuna kitu anakijua.

Na usifuate jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa. Mi nishawahi kununua besi duka moja sitalitaja, jina kubwa la Marekani, nafika nyumbani nakwangua kwa kucha jina likabanduka lote kama stika ya embe.

Mzee, niko Tanga karibu na bahari, nyuzi mpya hazimalizi hata mwezi zimekuwa za kahawia na sauti imekufa. Fundi mmoja kaniambia nizichemshe kwenye sufuria, ananitania?
*Mchovu wa kutu, Tanga*

Hakutanii. Nyuzi zilizozungushiwa waya wa duara zina vijifereji, jasho na mafuta ya vidole vinajaa mule, ukizichemsha dakika kumi hivi uchafu unatoka na ule mlio wa mwanzo unarudi. Unarudi kwa muda lakini, wiki moja mbili ushukuru. Zikaushe kabisa kabla ya kurudisha, na tafadhali usitumie sufuria ya mama. Ila kutu haichemshwi ikaisha, hapo ni kununua tu. Kila ukimaliza kupiga futa nyuzi juu na CHINI kwa kitambaa kikavu, watu wanasahau chini, na gitaa lilale kwenye begi, sio ukutani dirisha wazi upepo wa chumvi unaingia.

Au hamia nyuzi bapa, zile laini kama utepe. Hazina vijifereji vya kuweka uchafu na zinadumu miaka. James Jamerson, mpiga besi wa Motown, ile lebo ya muziki ya Marekani, alipiga hizo, nene, na inasimuliwa alikuwa habadilishi mpaka uzi ukatike. Ila ukipiga sebene utaona sauti imefunikwa blanketi, sebene inataka uzi unaong'ata.

Shikamoo mjomba, mimi ni binti wa Mombasa, napiga taarab ya kisasa, mkono wangu mfupi, freti ya kwanza naifikia kwa kuchuchumia. Nasikia kuna besi fupi. Nyuzi za kawaida zitaingia?
*Bi Mdogo wa Besi*

Marahaba mwanangu. Zipo, kipimo chake ni inchi 30 toka nati ya juu ya shingo, pale nyuzi zinapopita kuelekea vitunio, hadi brigi badala ya 34 za kawaida, bega lako litakushukuru. Nyuzi nunua zilizoandikwa shoti skeli, maana ndefu ukizileta ile sehemu nene inafika kwenye kitunio, inakataa kujikunja au inafumuka. Na kwa taarab weka hizo bapa nilizomtajia wa Tanga, vidole havitapiga kelele ukiteleza. Kama tatizo ni upana wa shingo na sio urefu, jaribu kwanza umbo la Jazz Bass, ile besi ya Fender, pale juu upana ni milimita 38 tu.

Mzee besi yangu ilikuwa inapiga fresh, sasa inakoroma afu inakufa, tumeshabadilisha kebo na hata ampu!!
*Nimechanganyikiwa, Morogoro*

Kama besi yako ni ya aina inayotumia betri, fungua mgongo wa gitaa, kuna betri ya volti 9 mule. Weka mpya, na ukimaliza mazoezi chomoa kebo kwenye gitaa, ikibaki imechomekwa betri inaliwa usiku kucha umelala.