Breki kulainika kwenye mteremko mrefu wa mlimani

Habari ndugu. Umesema ukishuka ile barabara ya mlimani yenye kona kali, pedali inalainika na kuzama, kunanuka kuungua, halafu ukipumzisha gari kidogo inarudi kawaida. Pedi mpya hazikusaidia.

Anza na mafuta ya breki. Pedi zikizidiwa na joto, pedali hubaki ngumu ila gari halishiki. Pedali laini inayorudi baada ya kupoa ni mafuta yaliyochemka, na mvuke wake hubanwa unapokanyaga. DOT 3 (daraja mojawapo la mafuta ya breki) ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya unyevu, kiwango hicho hushuka hadi kama 140. Badilisha yote, tumia DOT 4 ya chupa isiyofunguliwa, toa upepo kwenye breki za magurudumu yote manne. Kujazia juu tu ni kupoteza pesa. Ukiwa umeinua gari, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Linalokwama huenda lina pistoni ya breki iliyoganda, na hilo peke yake linatosha kuchemsha mafuta.

Uendeshaji nao: ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Hujasema kama ni otomatiki. Kama ndiyo, weka 2 au L na uzime ovadraivu (gia ya juu ya mwendo kasi). Kanyaga kwa nguvu mwendo ushuke, kisha achia kabisa. Kuegemeza mguu muda wote ndiko kunakopika breki. (Wanaoshuka na gia huru eti wanabana petroli, usiwaige.)

Pedali ikizama tena njiani, ipampu haraka, shusha gia, simama pembeni, weka jiwe kwenye tairi. Usimwagie diski maji, zinaweza kupasuka.