Usilipie hizo buti! "Water-resistant" siyo "waterproof"

Mkuu, rudisha hela mfukoni kwanza. Umeuliza "water-resistant" kwenye kiatu maana yake nini, kama ni sawa na "waterproof", na kama maneno hayo hutumika hata kwa viatu vya kutembelea. Halafu mwishoni kabisa, kama vile si kitu, unasema ni buti za kumwagia zege. Hapo ndipo niliposhtuka.

"Water-resistant" maana yake maji yatachelewa kuingia. Yatachelewa tu. "Waterproof" ndiyo hayaingii: ndani kuna utando, mishono imezibwa, ulimi umeshonwa pembeni mpaka juu. Muuzaji wangu aliniapia ni kitu kimoja. "Bosi, hizi hata mtoni unasimama." Akasimame yeye!

Nikaingia nazo kwenye zege. Maji ya saruji yakapenya ubavuni mwa ulimi, soksi ikalowa, nami napiga koleo tu kwa sababu hakukuwa na maumivu. Ndio ubaya wake. Zege bichi ni kali kama magadi makali (pH, kipimo cha ukali huo, ni 12 hadi 13), linaunguza ngozi polepole, na mara nyingi unakuja kushtuka saa kadhaa baadaye. Jioni navua soksi, inabanduka na ngozi ya juu ya kifundo. Harusi ya shemeji nilihudhuria na suti na kandambili. Picha zipo, na nimewakataza kuzituma popote. Yule jamaa nilipomrudia akaniuliza kama nilizipaka dawa ya viatu. Dawa ya viatu!

Kwa hiyo achana na maneno ya kwenye boksi. Funua ulimi, soma herufi za lebo ya ndani. Na S3, moja ya alama za daraja la viatu vya usalama, isikudanganye, zangu zilikuwa nayo: kwenye maji inapima ngozi ya juu ya kiatu, siyo kiatu kizima. Kiatu kizima kinapimwa kwa alama ya WR, ambayo siyo lile neno "water-resistant" la kwenye boksi. Toleo la 2022 la ISO 20345, kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama, lina S7, yaani S3 pamoja na WR. Ila kwa zege mimi sasa ni S5 tu, buti la mpira, na suruali inashuka nje ya buti, haichomekwi. Zege likiingia hata hivyo, vua hapo hapo, osha kwa maji mengi.

Hakuna herufi? Usinunue, hata akupunguzie nusu bei. Piga picha ya ulimi uiweke hapa kabla hujamlipa.