Maswali na Majibu: Kutoka Kompyuta Hadi Kicheza Muziki cha Mfukoni

Barua tunazojibu safari hii zinahusu jambo moja: kuhamisha nyimbo, pamoja na sauti nyingine zilizorekodiwa, kutoka kompyuta hadi kicheza muziki cha mfukoni. Barua zimefupishwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, dada yangu alinipa kicheza muziki chake kidogo alipoanza kusikiliza muziki kwenye simu. Nikikiunganisha na kompyuta kwa kebo ya USB, taa yake inawaka na betri inajaa, lakini kwenye kompyuta hakijitokezi kabisa. Nimejaribu matundu yote. Je, kimeharibika?

JIBU: Ndugu msomaji, usikate tamaa mapema, kwa sababu kifaa kinachopokea chaji bila kuonekana mara nyingi ni kizima, na hitilafu iko kwenye kebo. Kebo ya kawaida ya USB 2.0 ina nyaya nne ndani yake: mbili hupitisha umeme na mbili hupitisha data. Kebo nyingi zinazokuja na taa za kuchaji au spika ndogo zimewekewa zile mbili za umeme peke yake, na kwa kuzitazama kwa nje huwezi kuzitofautisha na kebo kamili. Ipime kebo yako kwa kuunganishia simu au kifaa kingine ambacho una hakika kwamba huonekana kwenye kompyuta hiyo. Nacho kisipoonekana, umeshampata mkosaji.

Kebo ikiwa nzima, chunguza namna kifaa kinavyojitambulisha kwa kompyuta. Baadhi ya vicheza muziki hujitambulisha kama diski ya kawaida, sawa na flashi, na hivyo hufunguka kwenye kompyuta yoyote. Vingine hutumia utaratibu uitwao MTP, ulioanzishwa na Microsoft, ambao chini yake kompyuta haiigusi hifadhi moja kwa moja. Hukiomba kifaa kiipokee kila faili na kuihifadhi chenyewe. Windows inauelewa utaratibu huo, ilhali Mac haiuelewi mpaka iongezewe programu ya ziada, na ndiyo maana kicheza kilekile huweza kufunguka vizuri kwenye kompyuta moja na kutoonekana kabisa kwenye nyingine. Ingia kwenye mipangilio ya kicheza chako, utafute sehemu inayohusu USB, na ukiona herufi MSC au maneno yanayomaanisha hifadhi ya kawaida, chagua hiyo. Fanya hivyo kebo ikiwa imechomolewa, kisha uunganishe upya. Jihadhari na jambo moja tu: katika baadhi ya vicheza, nyimbo zilizowekwa kwa utaratibu mmoja hazionekani kwenye kompyuta unapokuwa umechagua utaratibu mwingine, ingawa bado zimo na bado zimeshika nafasi. Usidhani zimefutika ukaziweka mara ya pili.

SWALI: Mama yangu haoni vizuri siku hizi, kwa hiyo nimemwekea kwenye kicheza muziki kitabu kilichosomwa kwa sauti, chenye sura 24, kila sura ikiwa faili moja ya MP3. Kwenye kompyuta yangu ya Mac sura zimepangika vizuri. Kwenye kicheza, baada ya sura ya 1 inafuata ya 10, halafu ya 11, na ya 2 inakuja mbali sana. Nimebadilisha majina ya faili mara mbili bila mafanikio. Zaidi ya hayo, kuna faili ambazo mimi sikuziweka, majina yake yanaanza na nukta, na mama akizifikia kicheza kinanyamaza. Naombeni msaada, kwani amekwishaanza kukiacha mezani.

JIBU: Barua hii tumeishughulikia kwa makini kuliko nyingine, kwa kuwa mtu anayeona hupapasa skrini akapata wimbo autakao, lakini asiyeona hutegemea mpangilio peke yake.

Umebadilisha majina ya faili bila mafanikio kwa sababu, kwa dalili unazozieleza, kicheza chako hakiyasomi majina hayo. Ndani ya kila faili ya MP3 huweza kuwemo maandishi madogo yaitwayo lebo za ID3, yanayotaja jina la wimbo, msanii, albamu na namba ya wimbo katika albamu. Lebo za kwanza kabisa, za mwaka 1996, zilikuwa baiti 128 tu mwishoni mwa faili, na jina la wimbo lilipewa nafasi ya herufi 30. Toleo la pili, lililofuata mwaka 1998, huwekwa mwanzoni mwa faili na hubeba mengi zaidi. Kicheza chenye skrini kwa kawaida hupanga nyimbo kwa kuzifuata lebo hizo, na lebo haibadiliki unapoandika jina jipya juu ya faili, kama vile barua iliyo ndani ya bahasha isivyobadilika unapoandika anwani mpya kwa nje.

Kosa la 1, 10, 11, 2 linatokana na kupanga kwa herufi. Mashine hulinganisha alama moja baada ya nyingine kutoka kushoto, kwa hiyo katika «Sura 10» na «Sura 2» hufika kwenye tarakimu ya kwanza, ikaona 1 inatangulia 2, ikaamua hapohapo. Fungua faili zako kwa programu ya kuhariri lebo, au uziingize kwenye programu ya muziki iliyomo kwenye kompyuta yako. Katika sehemu ya jina andika «Sura 01», «Sura 02», hadi «Sura 24». Katika sehemu ya namba ya wimbo weka 1 hadi 24. Jina la albamu liwe lilelile katika faili zote 24, bila hata nafasi moja iliyozidi, la sivyo kitabu kitagawanyika vipande viwili. Yape majina ya faili yenyewe mtindo huohuo wa 01, 02, ili hata kifaa kinachosoma majina kisipotee.

Kuna vicheza vidogo, hasa visivyo na skrini, ambavyo havisomi lebo wala majina. Hivyo hucheza faili kwa mfuatano zilivyoandikwa kwenye orodha ya folda, kama mwalimu anayeita wanafunzi kwa kufuata nani alitangulia kujiandikisha. Ukizichagua faili 24 na kuziburuta kwa pamoja, huna hakika kompyuta itaanza kuandika ipi. Tena, ukifuta sura moja na kuweka nyingine, ile mpya huweza kuingia kwenye nafasi iliyoachwa wazi katikati ya orodha. Dawa yake ni kufuta folda nzima, kutengeneza folda mpya, na kunakili sura moja moja kwa zamu, ukisubiri kila moja imalizike kabla ya kuanza inayofuata. Kazi hiyo inachosha, lakini kwa sura 24 ni ya mara moja tu.

Zile faili zinazoanza na nukta zimetoka kwenye Mac yako. Diski zenye mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32 au exFAT, ambao vicheza vingi hutumia, hazina mahali pa kuwekea taarifa za ziada ambazo Mac huambatanisha na faili, kwa hiyo kompyuta huziandika pembeni katika faili ndogo kama «._Sura 01.mp3». Mac yenyewe huzificha zisionekane, ila kicheza kinaona jina linaloishia na mp3 na kudhani ni sauti. Ukimaliza kunakili, fungua programu iitwayo Terminal, andika dot_clean -m, acha nafasi moja, buruta ikoni ya kicheza hadi kwenye dirisha hilo, kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. Baada ya hapo toa kifaa mara moja. Kumbuka pia kwamba unachokifuta kwenye kicheza kupitia Mac huendelea kukaa kwenye kifaa, katika folda iliyofichwa, mpaka uondoe vyote vilivyomo kwenye pipa la taka la Mac. Wengi hulalamika kwamba nafasi imekwisha wakati imeshikwa na vitu walivyoamini wamevifuta.

SWALI: Kati ya nyimbo zangu, baadhi zinakataliwa na kicheza. Nilibadilisha mwisho wa majina yake kuwa mp3, zikakataliwa vilevile. Pia ningependa kujua, hifadhi ya GB 8 inatosha nyimbo ngapi?

JIBU: Kubadilisha herufi za mwisho wa jina hakubadilishi kilichomo ndani. Wimbo wa FLAC, AAC au WMA, ambazo ni aina nyingine za umbizo la sauti, unabaki hivyo hivyo, na kicheza kinachoelewa MP3 peke yake hakitaupokea. Unahitaji programu ya kubadilisha umbizo. Tunasisitiza kwamba ubadilishaji ufanywe mara moja tu, kutoka nakala bora uliyo nayo, kama vile diski yenyewe ya CD au faili ya FLAC, ambayo haitupi sauti yoyote, kwa kuwa MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio hushindwa kuzitambua kwa urahisi, na kilichotupwa hakirudi. Ukigeuza WMA kuwa MP3 unapunguza kilichokwisha kupunguzwa.

Kuhusu nafasi, sauti ya CD huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja biti 16, kwa njia mbili za kushoto na kulia, jambo linaloleta kilobiti 1,411 kwa sekunde, au takribani MB 10 kwa dakika. MP3 ya kilobiti 128 huchukua karibu MB 1 kwa dakika, na ya kilobiti 320 huchukua MB 2.4. Kwa nyimbo za dakika nne, GB 8 itabeba takribani nyimbo 800 za kilobiti 320, au 2,000 za kilobiti 128. Sisi tungechagua kilobiti 192 au 256, kwani kwenye 128 matoazi huanza kusikika kama mchanga unaochekechwa.

Kama nyimbo zinazokataliwa ulizipakua ndani ya huduma ya kusikiliza kwa malipo ya kila mwezi, basi zimefungwa kwa makusudi na hufunguka ndani ya programu ya huduma hiyo tu.

SWALI: Nimenakili nyimbo kwenye iPod ya zamani kama ninavyofanya kwa flashi. Zinaonekana kwenye kompyuta lakini hazichezi. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu iPod hucheza nyimbo zilizoandikishwa kwenye orodha yake ya ndani, na kunakili kwa mkono hakuandikishi chochote. Tumia iTunes, programu ya muziki ya Apple, kwenye Windows, au Finder, programu ya kufungulia folda, kwenye Mac yenye mfumo wa mwaka 2019 na kuendelea. Ikiwa iPod iliwahi kuunganishwa na kompyuta ya mtu mwingine, soma kila onyo kabla ya kukubali, maana mojawapo huuliza kama ufute kila kilichomo na kuanza upya.

SWALI: Nimenunua kadi ya kumbukumbu ya GB 64. Kompyuta inaisoma, kicheza kinasema hakuna kadi. Ile ya zamani ya GB 32 ilikuwa inafanya kazi, ingawa siku moja niliichomoa haraka na nyimbo zote zikapotea.

JIBU: Kadi zenye zaidi ya GB 32 hutoka kiwandani zikiwa na mfumo wa exFAT, ulioanza mwaka 2006, na vicheza vingi vinafahamu FAT32 tu. Kama kicheza chako kina amri ya kufomati kadi, yaani kuiandaa upya, ijaribu kwanza. Kisipokuwa nayo, tafuta programu ya kufomati kwa FAT32, kwa maana zana ya kawaida ya Windows kwa miaka mingi imekataa kufanya hivyo kwa diski inayozidi GB 32. Kufomati hufuta kila kitu, kwa hiyo nakili kilichomo kwanza. Iwapo mtengenezaji ameeleza kwamba mwisho wa kicheza ni GB 32, hata kufomati huenda kusisaidie.

Ama kuhusu kadi ya zamani, kompyuta huweza kuonyesha kwamba imemaliza kunakili ilhali sehemu ya mwisho, pamoja na ile orodha ya faili, bado haijaandikwa kwenye kadi. Ukichomoa wakati huo, orodha huvurugika na nyimbo hukosa anayezijua zilipo. Ifomati upya, unakili nyimbo kutoka kompyuta, chagua amri ya kutoa kifaa, na usiiguse kebo mpaka kompyuta ikujulishe kwamba sasa waweza kuichomoa.