Kabla Hujauamini Mwanga wa Kijani, Piga Picha Kiunzi Kitupu

Ukipewa kazi ya kufuatilia protini, kwa kuiunganisha na GFP inayong'aa kijani, ndani ya seli hai zilizooteshwa kwenye kiunzi (umbo la kushikilia seli) cha kolajeni au hariri, siku ya kwanza usiweke seli yoyote. Weka kiunzi kitupu chini ya hadubini, washa leza ileile, kwa nguvu ileile utakayotumia baadaye, kisha utazame. Kila mwanafunzi ninayekaa naye kwenye hadubini huanza hivyo, na wengi hushangaa kukuta kiunzi kinang'aa chenyewe.

Kolajeni hung'aa, hasa ikipigwa mwanga wa urujuanimno au wa buluu. Hariri pia. Mambo huzidi pale kiunzi kinapokazwa kwa kemikali. Glutaraldehaidi huacha mng'ao unaoenea karibu rangi zote. Jenipini, inayopendwa kwa kuwa sumu yake ni ndogo zaidi, huigeuza jeli kuwa ya buluu na kuifanya itoe mng'ao mwekundu. Kwa hiyo anayekimbilia protini inayong'aa nyekundu ili akwepe mng'ao wa kijani wa kiunzi, aulize kwanza kiunzi chake kilikazwa kwa kitu gani.

GFP, ile protini ya kijani, inastahili sifa zake. Osamu Shimomura na wenzake waliitoa kwenye konyeza aitwaye Aequorea victoria, matokeo yakachapishwa 1962. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake wakaonyesha kwamba jeni yake ikiwekwa hata ndani ya bakteria na minyoo hutoa protini inayong'aa, bila msaada mwingine wowote kutoka kwa konyeza. Lakini ina asidi amino 238 na uzito wa kilodaltoni 27 hivi, na protini ndogo ikibebeshwa mzigo huo yaweza kwenda pasipo pake. Iunganishe mwanzoni mwa protini yako, na katika sampuli nyingine mwishoni, ulinganishe. Zikikaa mahali tofauti, tafadhali usichague picha iliyopendeza. Tumia kingamwili inayoishika protini hiyo ujue protini asilia, isiyo na GFP, inakaa wapi.

Kuhusu leza, anza chini kabisa. Mwanga mkali huumiza seli, na seli iliyoumia hubadili umbo na hata mwendo wa protini zake, ukadhani ni kazi ya kolajeni. Seli zisizo na GFP, juu ya kiunzi hichohicho, zipigwe picha siku hiyohiyo. Na kabla ya kuanza, badilisha lishe, yaani majimaji yanayolisha seli: fenoli nyekundu (rangi ya kuonyesha uasidi) na vitamini B2 zilizomo huongeza mng'ao wa nyuma, kwa hiyo tumia lishe isiyo na rangi, nyuzi 37, na kabonidioksaidi asilimia 5.