Fundi akikwambia vitu vyako viko salama D, mzuie kwanza

Mwambie fundi wako asije Jumamosi. Nimesoma swali lako mara mbili, kwamba una kompyuta ya Core i5 kizazi cha 6 yenye Windows 10 na RAM ya GB 4, na unataka kujua kama upande Windows 11 na kama printa yako ya zamani itakubali. Kilichonifanya niweke kikombe chini ni ile sentensi uliyoipitisha kama jambo dogo: fundi amekuhakikishia kuwa hakuna kitakachopotea, kwa sababu vitu vyote mtavihamishia kwanza D, ile inayoonekana kando ya C kama diski ya pili. Nami niliambiwa hivyohivyo, karibu neno kwa neno, mwezi wa tisa mwaka jana hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na maneno hayo yamenigharimu kuliko bei ya kompyuta yenyewe.

Kazi yangu ni kutunza hesabu za dagaa wanaotoka visiwani: magunia mangapi yameingia kutoka Ukerewe na Ukara, nani amechukua mafuta ya injini kwa mkopo, nani amelipwa kabla ya kuleta mzigo, nani amekatwa kiasi gani. Hesabu za miaka minne zilikuwa kwenye mafaili ya Excel ndani ya kompyuta moja. Ndiyo, moja. Cheka tu, mimi nimeshamaliza kucheka.

Fundi alitanguliza vitisho kabla ya kutoa flashi. Alisema ikifika tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 itazimika, na kompyuta yangu itabaki kuwa kibao cha kukatia nyanya. Haikuwa kweli. Siku hiyo Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya bure ya Windows 10. Kompyuta inaendelea kuwaka na kufanya kazi kama jana, ila matundu mapya ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi, na hata hayo yamewekewa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ambao mtu hujiandikisha mwenyewe kupitia Windows Update kwenye mipangilio. Ningelijua hilo, ningemnunulia soda nikamrudisha alikotoka. Lakini mtu mwenye begi la bisibisi huaminiwa hata anapozungumzia mambo yasiyo na skrubu.

Kompyuta yangu ilikuwa ya kizazi cha 8, hivyo kwa upande wa prosesa haikuwa na kipingamizi. Kasoro ilikuwa kwamba Windows 10 yake ilipigwa, yaani iliwekwa, kwa mtindo wa zamani, diski ikiwa imepangwa kwa MBR (mpangilio wa zamani wa diski), wakati Windows 11 inadai UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta), na UEFI nayo inadai diski iliyopangwa kwa GPT, yaani mpangilio mpya. Fundi akahamisha mafaili yangu kutoka C kwenda D, akanionyesha kwa kidole kwamba yapo, akaingia kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, akabadilisha anachokijua, akachomeka flashi. Ilipofika mahali pa kuchagua pa kuweka mfumo, ukatokea ujumbe kwamba Windows haiwezi kuwekwa kwenye diski ile. Nilikuwa nimeketi nyuma ya bega lake, nikinywa chai yangu bila wasiwasi. Akaguna, akachagua mstari wa kwanza kwenye orodha ya sehemu za diski akaufuta, ujumbe ukabaki palepale. Akafuta wa pili. Akafuta wa tatu. Mistari yote ikawa mmoja, ujumbe ukatoweka, naye akanigeukia kwa furaha akasema, "Si unaona? Imekubali."

Mstari wa tatu ndio uliokuwa D.

D mara nyingi si diski nyingine, ndugu yangu. Ni chumba kilichotengwa kwa pazia ndani ya nyumba ileile, na anayekuja kubomoa nyumba haulizi pazia lilikuwa wapi. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba tangu mwaka 2017 Windows 10 inakuja na programu iitwayo mbr2gpt, ambayo hubadili mpangilio wa diski bila kufuta mafaili. Isitoshe, kama baada ya hapo angepandisha mfumo kutokea ndani ya Windows badala ya kupiga upya, mfumo wa zamani ungebaki kwenye folda ya Windows.old, nami ningekuwa na siku 10 za kubadili mawazo. Yeye alijua njia moja tu, ya kufuta, na kwa njia hiyo alinitoza shilingi 25,000, ambazo nililipa kwa tabasamu kwa sababu kompyuta ilikuwa inawaka haraka sana. Lazima iwake haraka, haikuwa na kitu ndani.

Niliipeleka mjini kwa mtu anayerudisha mafaili yaliyofutwa. Aliuliza jambo moja tu: diski ni SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani, au ni ile ya kuzunguka? Nilikuwa nimewekewa SSD mwaka mmoja kabla, na fundi yuleyule. Akanieleza kwamba kwenye diski ya kuzunguka kilichofutwa mara nyingi hubaki mpaka kiandikwe juu yake, lakini Windows ikishaiambia SSD kuwa eneo fulani halitumiki tena, SSD hulisafisha yenyewe. Akajaribu mbele yangu, akapata vipande vya picha mbili, kisha akanirudishia kompyuta bila kunitoza hata shilingi, jambo lililonitisha kuliko bei yoyote ambayo angetaja.

Fundi nilipompigia alisema D yangu "ilikuwa na tatizo tangu zamani". Tangu zamani ipi, wakati ni yeye aliyeitengeneza?

Ikabidi nipande meli kwenda Nansio kuwauliza wadeni wangu wananidai au nawadai. Niliyekumbuka kuwa namdai karibu laki tatu aliangalia ziwa kwa muda mrefu, akasema anadhani ni elfu themanini. Wale niliokuwa nadaiwa nao, kinyume chake, walikumbuka mpaka siku ya juma. Mama mmoja tu ndiye aliyefungua kipande cha kanga akatoa kaunta buku lenye harufu ya dagaa, tarehe zimeandikwa kwa kalamu mbili tofauti, na hesabu yake ilinipa mimi zaidi ya nilichokuwa nategemea. Nilipiga picha kila ukurasa.

Sasa kompyuta yako. Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia, isipokuwa chache, kizazi cha 8, kwa hiyo kwa kizazi cha 6 fundi wako atalazimika kuruka ukaguzi wa mfumo, na mafundi wengi wakisharuka ukaguzi hupenda kupiga upya kwa flashi, maana yake atakutana na mistari ileile na kitufe kilekile cha kufuta. Kabla hajakigusa, tafuta diski ya nje, hata ya kuazima, unakili kila kitu, halafu uichomoe uipeleke kwenye kompyuta ya mtu mwingine ufungue faili tatu au nne za zamani na uzisome hadi mwisho. Usikubali kuonyeshwa kwa kidole kwamba zipo. Mimi nilionyeshwa.

Na Jumamosi hiyo, kama utakaidi ukamwita, diski hiyo ya nje isiwe mezani, wala kwenye begi, wala kwenye tundu lolote la kompyuta. Yangu siku hizi inakaa nyumbani Buswelu, ndani ya sanduku la vitenge la mke wangu, na fundi atakayetaka kuifikia itabidi aanze kwa kumweleza yeye D ni nini.